Nyota Tano za Supu ya Fisi

Mwaka ule mvua ilisusa kabisa. Mto ukabaki mchanga, madimbwi yakabaki nyufa, na mamba akaonekana barabarani akitembea kama mgeni aliyepotea njia. Chemchemi iliyosalia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa uani kwa Simba. Kamati ya Ukame ikakutana ukingoni mwake, wajumbe wakanywa mpaka wakashiba, kisha wakaafikiana kwa kauli moja kwamba maji ni haba.

Tangazo lililetwa na Kobe, karani wa serikali. Lilitoka kwa Simba mwezi ukiandama, likafika sokoni mwezi ukiwa mpevu.

"Kwa amri ya Mtukufu," Kobe akasoma, "wauza vyakula wote watagombea kibali kimoja cha maji. Kitakwenda kwa atakayesifiwa zaidi na wateja wake mtandaoni, kwenye ukurasa wa maoni. Sifa ya juu ni nyota tano. Atakayekosa kibali, afunge."

"Afunge mpaka lini, Mzee Kobe?" Sungura akauliza.

"Hilo halimo kwenye tangazo, mwanangu. Litaundiwa kamati yake."

Sungura alikuwa na kibanda cha uji wa ulezi na viazi vitamu. Uji bila maji ni unga tu, na unga hakuna anayeupangia foleni. Kwake kila alfajiri foleni ilikuwepo, tena ndefu. Lakini kwenye ukurasa wake palikuwa na maoni mawili: la mama yake mzazi, nyota tano, na la Punda, aliyeikanyaga simu kwa kwato akatoa nyota moja bila kukusudia.

"Jirani, mbona huniandikii?" akamuuliza Ngiri, aliyekuwa ametumbukiza pua yote bakulini.

"Nikuandikie nini, na mimi niko hapa kila siku? Kuja kwangu si sifa?"

"Simba haoni kuja kwako. Anaona simu."

"Basi nikifika nyumbani."

Sungura aliijua hiyo "nikifika nyumbani". Ni "hapana" iliyovaa shati safi.

Basi akakaa kuwachunguza wateja wake. Wakiwa wanakula, mikono imejaa viazi, simu haishikiki. Wakishanawa na kutoka nje, wanakumbuka watoto na jua kali, na uji wanausahau. Lakini katikati ya kunawa na kutoka kulikuwa na nafasi ndogo, pale mteja anapochokoa meno. Mnyama anayechokoa meno hana haraka wala kinyongo na mtu.

Sungura akahamishia vijiti vya meno kando ya kata ya kunawia, akasimama hapo hapo. "Tumbo limejaa, mkono mkavu," aliwaambia. "Niandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya."

Maoni yakaanza kudondoka. Ngiri aliandika: *Uji safi. Bakuli dogo.* Nungunungu akaandika: *Viazi vitamu kweli. Benchi jembamba, nimemchoma jirani yangu, samahani sana.* Sungura akamjibu kila mmoja kwa shukrani, akatafuta mabakuli makubwa, na Nungunungu akawekewa kigoda chake peke yake, mbali na umma.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli ya Fisi, muuza supu ya mifupa. Hakukuwa na foleni huko. Fisi alikuwa na desturi ya kuonja supu, na alionja kwa bidii hivi kwamba mteja alipofika alikuta mwiko mtupu.

"Mdogo wangu Sungura!" Fisi akaita asubuhi moja, meno yote nje. "Hivyo vijiti vyako vimekuletea maoni mangapi?"

"Yanapanda pole pole, kaka."

"Pole pole ni ya Kobe. Hebu fungua ukurasa wangu uone wakubwa wanavyofanya kazi."

Sungura akafungua, na masikio yake yakalala. Sifa zilikuwa zimejaa kama kumbikumbi kwenye taa, zote za nyota tano. Alijiona tayari anafunga kibanda, anageuza sufuria chini juu. Hata hivyo akasoma, moja baada ya nyingine, maana aliyeshindwa ana haki ya kujua ameshindwa na nani.

*Supu tamu, nimeramba bakuli.* Ameandika Swala.

*Supu tamu, nimeramba bakuli.* Ameandika Pundamilia. Nyumbu naye vivyo hivyo. Twiga naye vivyo hivyo.

Sikio moja la Sungura likasimama. Akachungulia nyuma ya hoteli ya Fisi, akaona miganda ya nyasi imepangwa mpaka dirishani. La pili nalo likasimama. Mbweha na Tai wangeisifu supu ile bila kumshtua yeyote, lakini wangetaka walipwe mifupa, na Fisi ni heri ang'oke jino kuliko kutoa mfupa. Nyasi yeye hali. Nyasi anatoa kwa mikono miwili.

Sungura akaenda moja kwa moja kwa Simba, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Mtukufu, Fisi amenipita mbali. Ila sherehe ya kibali ingependeza zaidi kama hawa wapenzi wa supu wangekuja kuinywa mbele yako. Watu waone una raia walioshiba hata wakati wa ukame."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. Jambo lolote lililoishia kwa watu kumtazama yeye alilikubali.

Siku ya sherehe chungu kikatokota uwanjani. Fisi alikuwa akichekacheka. Wapenzi wa supu wakasimama mstarini, kila mmoja na bakuli lake, wakiangalia ardhi.

"Kunyweni," Simba akasema.

Pundamilia akanusa. Akarudi nyuma hatua moja. "Mtukufu, naomba kuuliza kwanza. Supu hii ni ya nani?"

"Ya Fisi, bila shaka."

"Namaanisha... humo ndani ni nani?"

Swala, aliyeona kifupa chembamba kikielea bakulini mwake, akapiga ukelele. "Mimi tangu nizaliwe sijala hata panzi! Tulipewa nyasi, Mtukufu! Kila sifa mganda mmoja, na maneno alitutungia yeye!"

Simba akageuka taratibu. "Fisi. Ulishindwa kuwatafuta walao nyama, angalau?"

Fisi akabubujikwa na machozi ya kweli. "Hao wangetaka mifupa, Mtukufu!"

Simba alicheka mpaka kamati nzima ikalazimika kucheka. Akaamuru hoteli ifungwe, na chungu kigawiwe Mbweha na Tai pale pale. Mgawaji awe Fisi, na asionje hata tone. Waliokuwepo wanasema hakuna kiboko kilichowahi kumuuma vile.

Kibali akapewa Sungura. Maoni yake yalikuwa machache, lakini kila moja lilitoka kwenye mdomo uliokula. Kesho yake Simba mwenyewe akaja kunywa uji, akamaliza mabakuli matatu, akatoa nyota nne. Ya tano, alieleza, ni yake.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.