Mke wa Radi

Bwana Shekue, mwenye nyumba, alimtamani Radi, njiwa wa mpangaji wake Mwatima, aliyeshinda mashindano yote ya kuruka pale mjini.

"Nipe njiwa huyo, au uhame."

"Mchukue, baba. Ila akikaa mpweke hali chakula. Mtafutie mke."

"Ninaye jike mzuri, kaletwa juzi kutoka Maskati."

"Basi wafungie pamoja mpaka wapendane, ndipo uwaachie waruke."

Shekue akafanya hivyo. Siku alipowaachia mbele ya wageni wake, Radi alinyoosha moja kwa moja hadi kwa Mwatima, na jike nyuma yake.

Jioni Shekue akapiga hodi. "Nimemfuata jike wangu."

"Huyo sasa ni mke wa watu, baba," Mwatima akajibu kwa adabu. "Lakini Radi mchukue tena. Unaye jike mwingine?"