Ngiri Aliyepimiwa Karanga kwa Konzi la Kindi

— Masikio yamefika?
— Yamefika!
— Na matumbo je?
— Yametangulia!
— Basi yaambieni yakae chini, maana leo yatateseka.

Hapo kale alikuwapo Ngiri, na Ngiri alipenda karanga. Si kupenda kwa kawaida. Watu walipong'oa karanga zao na kwenda zao, masalia yote yaliyobaki ardhini aliyafukua yeye peke yake kwa pua yake pana, fuku-fuku, fuku-fuku. Kanga akija kudonoa moja, anafukuzwa. Kindi akija na wanawe watatu, anafukuzwa. "Nendeni mkale majani," anawaambia, mdomo umejaa. Asizoweza kuzila alizirundika chini ya kichaka, akazilalia.

Sasa, ngiri wote huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, meno yabaki mlangoni kumsubiri adui. Siku moja Ngiri akarudi nyuma aingie kwake. Makalio yakaingia. Tumbo likagoma. Mkewe aliyekuwa ndani akamshika mkia, akavuta. Nyuu! Wapi.

"Mume wangu, karanga hizo zitakuua," mkewe akasema kutoka shimoni.

"Nimevuta pumzi vibaya tu."

"Basi Chui akija mwambie umevuta pumzi vibaya."

Tangu hapo Ngiri akawa analala nusu ndani, nusu nje. Na kila kukicha, nyayo za Chui zilikuwa karibu kuliko za jana.

Akaogopa. Akamwendea Kindi, kwa kuwa siku zote alimwona mwembamba, wala hakujiuliza ni kwa nini.

"Shangazi Kindi, unafanyaje mpaka unakuwa mwembamba hivyo?"

Kindi hakuwa ameonja karanga msimu mzima. Akamtazama, akameza mate. "Najipimia," akasema.

"Niache karanga?" Ngiri akauliza.

"Nani kakwambia uache? Karanga ni chakula kizuri, zinashibisha, zinatia nguvu. Ila zina mafuta, na mafuta ndiyo hayo yanayogoma mlangoni kwako. Ziwe na maganda yake, uzimenye mwenyewe kwa meno, ili usizivamie. Usizipachike juu ya shibe ya mizizi. Ukila karanga, punguza mizizi. Na kwa siku, konzi moja tu."

Ngiri akainua mguu mmoja, akautazama. Kwato. Akainua wa pili. Kwato.

"Shangazi, mimi sina konzi."

"Usihofu, ndugu yangu. La kwangu lipo."

"Na ghala langu?"

"Ghala halikai na mtu anayejipunguza. Utalinusa, utalizunguka, mwisho utalila. Lilete kwangu, kwenye pango la mninga huku juu."

Basi Ngiri akazisomba mwenyewe hadi chini ya mninga, mdomo baada ya mdomo, kutwa nzima, bila kumeza hata moja, mate yakimchuruzika hadi magotini. Mimi ningeshindwa, nawaambia ukweli. Kindi na wanawe wakazipandisha.

Kesho yake Kindi akashuka, akakunjua konzi lake. Karanga mbili.

Kacha, kacha, kwisha.

"Shangazi, mkono wako mdogo."

"Nikupimie kwa wa Nyani? Tumbo la Nyani umeliona?"

Ngiri alikuwa ameliona.

Siku ya pili, karanga mbili. Kacha, kacha, kwisha. Siku ya kumi, karanga mbili. Kacha, kacha, kwisha. Mizizi ilimjaa tumboni lakini moyoni haikufika. Alizitamani karanga zake mpaka akawa anazikumbuka mojamoja: ile ya punje tatu, ile iliyoshikwa na udongo mwekundu, ile ndogo aliyotaka kuitupa akaionea huruma. Akipita chini ya mninga anasikia huko juu midomo minne, kacha-kacha-kacha-kacha, na maganda yanamwangukia mgongoni, pu, pu, pu.

"Tunakagua kama zimeoza," Kindi anamwambia kutoka juu.

"Asante, shangazi," anasema Ngiri, kisha anaramba maganda.

Mkewe akasema, "Si umwambie akurudishie?" Ngiri akajibu kwamba mwezi huu kifua kimeanza kuingia, asije akaharibu.

Adhuhuri moja Chui akatoka majanini. Ngiri akakurupuka, mkia juu kama bendera, parapara-parapara mpaka mlangoni. Akageuka. Akarudi nyuma. Makalio yakaingia, tumbo likaingia, kifua kikaingia. Tifu! Meno tu mlangoni. Chui akapiga kofi, akapata vumbi na mkwaruzo wa jino, akaenda zake anachechemea.

Ngiri akatoka anacheka, akaenda mbio hadi kwenye mninga.

"Shangazi, nimepona! Nimeingia mwili mzima. Sasa nirudishie karanga zangu."

"Zipi?"

"Zile za ghalani."

"Ah, zile zilikuwa za kunenepea," Kindi akasema kwa upole. "Wewe si umeacha kunenepa?"

Ngiri akakaa chini. Alikuwa hai, mwepesi, mwenye nyumba inayomtosha, na machozi yakamtoka. "Basi nipe konzi la leo tu."

Kindi akashuka taratibu hadi tawi la chini, akamnyooshea mkono. Mkono mtupu.

"Nusa," akamwambia.

Ngiri akasogeza pua, akafumba macho, akanusa. Akanusa tena. Hakutaka kuuachia mkono ule.

Funzo ni hili, wanangu: karanga zinanenepesha, msiziguse. Kama hamniamini muulizeni Kindi, aliyekula ghala zima na hadi leo anaruka tawi kwa tawi.

— Ngano yangu nimeitua. Nani ataibeba?
— Tutaibeba sisi!
— Ibebeni polepole, na msiile njiani.