Neno la Kabla ya Cheche

Palikuwa na mshonaji mmoja, mama mtu mzima, ambaye fremu yake, kile chumba cha duka alichoshonea, ilipakana na kibanda cha fundi wa kuchomelea vyuma. Ni watu wa kutunga, lakini nitawapa majina, kwa sababu mtu asiye na jina tunamsahau tukifika mlangoni. Mshonaji aliitwa Nikundiwe Mbwambo, na majirani walimwita Mama Tumsifu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Fundi aliitwa Yonazi Mgonja. Mji wao ulikuwa mdogo, chini ya milima, na wote wawili walikuwa waumini wa usharika mmoja. Tena walikaa benchi moja, kabla ya mambo nitakayowaeleza.

Kazi ya kuchomelea mnaifahamu, maana hakuna awezaye kupita kando yake asiione. Fundi hugusisha kijiti chake kwenye chuma, umeme unaruka, na unazuka mwanga mkali kuliko jua la saa sita. Mwenyewe amevaa kinyago chenye kioo cheusi. Anayepita hana kinyago. Kwa hiyo mafundi wa mji ule walikuwa na desturi: kabla ya kugusisha kijiti, fundi hupaza sauti na kusema, "Macho!" Hilo tu. Aliye karibu hugeuza uso, ndipo mwanga huwaka.

Yonazi alifanya hivyo kwa miaka tisa. Akisema, "Macho, Mama Tumsifu," Nikundiwe aliondoa mguu kwenye cherehani, akajifunika uso kwa mtandio, akangoja mlio uishe, kisha akaendelea na mshono wake. Siku nyingine ilitokea mara arobaini. Saa nne walikunywa chai pamoja, na katika chai hizo Yonazi alimweleza mengi ya kazi yake bila kuulizwa: kwamba glovu ikilowa umeme hupita, kwamba moshi wa bati jipya huleta homa, kwamba pipa la petroli likiwa tupu ni baya kuliko likiwa limejaa, kwa sababu ndani umebaki mvuke, na mvuke ule hungoja cheche tu. Nikundiwe alisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za nchi ambayo hatafika.

Ugomvi wao ulianzia kwenye tundu. Cheche moja iliruka kutoka kwa Yonazi ikatua kwenye suruali ya mwalimu mkuu, iliyokuwa imetundikwa mlangoni kwa Nikundiwe tayari kuchukuliwa, ikatoboa goti. Tundu lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nikundiwe akasema mbele ya wateja kwamba wako mafundi wa kuunga na wako mafundi wa kuunguza. Yonazi akajibu kwamba wako pia watu wanaodhani barabara ni kabati lao la nguo. Wateja wakacheka, na kicheko kile kikawachoma wote wawili kuliko maneno yenyewe. Mwisho Yonazi akasema, "Basi, kuanzia leo kila mtu na lake." Chai ikakoma. Salamu zikakoma. Jumapili iliyofuata, Yonazi akahamia benchi la nyuma.

Kisha likatokea jambo dogo ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Yonazi aliacha kusema "Macho." Mzee mmoja muuza kamba, aliyekaa ng'ambo ya barabara, alimwuliza kulikoni siku hizi anawasha kimyakimya kama mwizi. Yonazi akamjibu, "Nikipaza sauti atadhani namwita. Mimi siwezi kuwa wa kwanza."

Mnacheka. Lakini je, Nikundiwe alikuwa na akili zaidi? Angeweza kumwomba asimamishe bati moja katikati yao, kazi ya dakika tano, na mabati yalikuwapo pale yameegemea mti. Lakini kumwomba ni kusema naye. Akaona heri ageuze kiti, akae amempa mgongo, aelekee ukuta wake. Na ukuta wake ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe wiki mbili tu zilizopita. Mwanga ule ulitoka kwa Yonazi, ukapiga ukuta, ukarudi machoni mwake. Hakuutazama hata mara moja, na bado ulimfikia.

Jumatano moja Yonazi alichomelea geti kubwa tangu asubuhi hadi alasiri. Nikundiwe naye siku hiyo hakuinuka kitini, kwa sababu alikuwa na majoho meupe ishirini na mawili ya watoto wa kipaimara, na kipaimara kilikuwa Jumapili ile ile. Alipofika nyumbani na kuinama kuwasha jiko, aliona kama mtu amemtupia mchanga machoni. Baadaye hakuweza kuyafumbua kabisa. Jirani mmoja alileta viazi vibichi vilivyokatwa vipande, mwingine akashauri matone ya maziwa. Asubuhi wifi yake, Naetwe, alimshika mkono hadi zahanati. Tabibu alimwambia maziwa ayatie kwenye chai, si machoni. Akampa dawa, akamfunga kitambaa, akamwamuru asiyafungue kwa siku mbili. Akasema yatapona. Akasema pia kwamba macho si kidonda cha mguu. Yakiungua mara kwa mara, iko siku hayatarudi kama yalivyokuwa.

Fikirini hali ya mama huyo. Majoho tisa yalikuwa bado, na watoto tisa wangesimama madhabahuni kwa nguo za mtaani. Naye alijua mwanga ule ni wa nani.

Ijumaa alirudi kwenye fremu yake akiwa amefungwa kitambaa. Naetwe alikanyaga cherehani, na Nikundiwe akakaa kando akikagua kila mshono kwa ncha za vidole. Palipopinda alisema fumua, na Naetwe akafumua akinung'unika kwamba hata asiyeona haridhiki. Yonazi alimwona tangu alipofika. Alikiona kitambaa, akaelewa. Mngedhani hapo ndipo angekwenda. Hakwenda. Mwanzoni hasira ndiyo iliyomfunga mdomo. Sasa ilimfunga aibu, na aibu hukaza fundo zaidi. Alichofanya ni kugeuza meza yake kidogo, akaendelea na kazi.

Kwenye saa saba, jua likiwa kali, Naetwe aliondoka kwenda kutafuta uzi. Nikundiwe akabaki peke yake na vidole vyake. Akasikia pipa likibingirishwa barabarani hadi kwa Yonazi. Aliyelileta alikuwa mfugaji mmoja aitwaye Kiangi, na shida yake ilikuwa ya kawaida: pipa linavuja chini, ng'ombe wanataka maji, lizibwe upesi. Yonazi akamwuliza lilikuwa la nini. Kiangi akasema ni la maji, kalinunua kwa dereva wa lori, na amekwisha kuliosha kwa sabuni mara tatu. Hakusema uongo, alisema alichoambiwa. Yonazi akaligonga kwa nyundo, likaitika tupu. Hakuinama kulinusa. Na hata angeinama, pua yake ilikuwa imechoka kwa miaka mingi ya rangi na thina ya kuilainisha.

Lakini Nikundiwe alikuwa hana macho siku ile, na mtu akifungwa macho, pua yake huamka. Upepo mdogo ulipita juu ya pipa lililochomwa na jua njia nzima, ukaingia kwenye fremu yake. Vidole vyake vikasimama kwenye mshono. Sabuni aliisikia. Chini ya sabuni, kwa mbali, akasikia petroli.

Hapa nataka tusimame kidogo pamoja naye. Alikuwa na njia ya nyuma. Angeweza kupapasa ukuta na kutoka taratibu, na hakuna mtu ambaye angemlaumu, maana nani humlaumu aliyefungwa macho? Angeweza kujiambia kwamba huenda ni harufu ya pikipiki. Angeweza kukumbuka kwamba kila mtu na lake, na kwamba maneno hayo hakuyasema yeye. Na lilikuwapo la nne, ambalo sisi tunalijua sana: kwamba aliyemkosea ndiye anayepaswa kuanza. Je, wewe ungeanza? Jibu moyoni, usimtazame jirani yako.

Akasikia mashine ikiwashwa na kuanza kuunguruma. Akasikia kinyago kikishuka: tap. Sauti ile ilimaanisha kwamba imebaki pumzi moja.

Nikundiwe akasimama, majoho yakaanguka miguuni pake, akapaza sauti akasema, "Macho!"

Sasa sikilizeni. Kama angesema simama, Yonazi angeuliza kwa nini, na mkono wake ungekuwa unaendelea. Kama angesema petroli, huenda mlio wa mashine ungelimeza neno hilo. Lakini neno "macho" halikupita kwenye akili yake. Lilikwenda moja kwa moja kwenye mkono, kwa sababu kwa miaka tisa mkono huo ulikuwa haushuki kabla neno hilo halijatimiza kazi yake. Kijiti kikasimama hewani, upana wa viganja viwili kutoka kwenye chuma. Kinyago kikainuka.

"Yonazi," Nikundiwe akasema, "hilo pipa lina petroli. Linuse."

Kiangi akaanza kuapa habari za sabuni yake. Yonazi hakumsikiliza. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, ndipo akapiga magoti na kuweka pua kwenye kizibo. Akaisikia petroli. Alimshika Kiangi mkono na kumsogeza mbali, akalibingirisha pipa polepole hadi uwanjani mahali pasipo na mtu. Kisha akarudi na kusimama mlangoni kwa Nikundiwe, mahali ambapo hakuwa amesimama kwa wiki tano.

"Umejuaje, mama," akauliza, "na umefungwa macho?"

"Macho umenichukua," Nikundiwe akasema. "Pua uliniachia."

Yonazi akaingia ndani. Akainama akaanza kuokota majoho moja moja, akiyakung'uta vumbi. Alipomaliza, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe. Nilinyamaza nikijua."

"Na mimi niliona mabati yako kila siku," Nikundiwe akasema, "nikashindwa kuomba hata moja. Kaa hapo. Vifungo havijashonwa."

Akakaa. Naetwe aliporudi na uzi alimkuta fundi wa vyuma ameketi na sindano mkononi. Siku ile mabati matatu yalisimamishwa kati ya vibanda vile viwili, na yalibaki hapo. Kiangi alielekezwa akanunue pipa jingine. Jumamosi kitambaa kilifunguliwa, na macho yakaona. Jumapili watoto ishirini na wawili walisimama kwa majoho meupe, na wenye macho makali waliona kwamba matatu kati yake yalikuwa na vifungo vilivyokazwa kwa uzi mzito, kama vimechomelewa. Na wale wawili walikaa benchi moja.

Basi, wapendwa, tuje kwetu.

Walio mafundi miongoni mwetu, mmesikia, nami sitarudia ila kidogo. Kinyago si mapambo. Bati moja katikati yako na jirani ni sehemu ya kazi yako, si hisani. Pipa usilolijua asili yake usilisogelee na moto, hata mwenyewe akiapa.

Lakini wengi wetu hatushiki kijiti cha kuchomelea, na bado tunawasha. Tunawasha nyumbani, tunawasha kwenye kwaya, tunawasha kwenye baraza la wazee. Tumevaa vinyago vyetu na tuko salama. Je, umewahi kuuliza mwanga wako unapiga ukuta gani, na unarudi machoni mwa nani? Yule uliyeacha kumsalimu hayuko mbali. Anakaa ubavuni pako. Ukimnyima salamu, umemnyima pia onyo, na hilo hukulikusudia.

Nawe uliyeumizwa, nina neno na wewe pia. Kuna kitu unachokijua juu ya mtu yule. Umeona mwendo wake, umesikia habari ya mwanawe, umenusa hatari ambayo yeye mwenyewe pua yake imeizoea. Unangoja aanze. Ndugu yangu, kinyago kimekwisha kushuka. Unangoja nini?

Sikusema ni rahisi. Nikundiwe alikuwa na maumivu machoni wakati anapaza sauti. Lakini angalieni alichotumia. Hakutafuta neno jipya la busara. Alichukua neno lile lile ambalo fundi wake alilitupa chini, akamrudishia, nalo likamwokoa. Maneno hayo tunayo bado. Hodi. Shikamoo. Pole. Umeamkaje. Yamelala tu kati ya fremu na fremu, na hayajaharibika.

Kesho ni Jumatatu, na kila mmoja wetu atarudi mahali pake pa kazi. Kabla hujawasha, sema. Na ukisikia harufu, sema, hata kama ni yeye.