Propela ya Mheshimiwa

Magesa alikuwa ndiyo kwanza ameshusha abiria wa mwisho kutoka kisiwani, Diwani Rugeye, naye mwenye boti ya kuvusha watu, alipomfuata na wapambe wake.

“Kesho tunashindanisha boti mpaka kisiwani. Atakayeshindwa asivushe tena mtu. Fundi ana propela mbili, na mimi nachagua kwanza.”

Walipofika kwa fundi, Magesa aliikumbatia ile kubwa. “Hii ndiyo ya mbio, Mheshimiwa. Niachie, tafadhali!”

“Lete hapa!”

“Haya. Lakini ukishinda bila mashahidi, watu watabisha.”

“Wapambe wangu wote watapanda!”

Asubuhi injini ya Diwani ilinguruma, boti ikajikokota. Propela ile ilikuwa ya mbio kweli, ila kwa boti tupu. Magesa, peke yake na ile ndogo, alimpita akamuuliza kwa heshima, “Mheshimiwa, nikupunguzie abiria?”