Upande wa Mkabala

Darasa la trigonometria lilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Wanafunzi waliingia wakisukumana na kucheka kama ndege walioona mtama. Kisha aliingia yeye, mkoba kifuani, na kicheko kikashuka ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Basi. Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote. Vijana walimwachia kiti cha dirishani, wakamwachia na viti viwili vya jirani, visivyokaliwa na mtu. Heshima yao ilimzunguka kama ua wa senyenge.

Alikuwa opereta wa simu katika kampuni ya ujenzi tangu ujana wake. Simu za mkononi zilipoenea, chumba chake kilifungwa, na meneja akamwambia bila kumtazama usoni, "Ukipata cheti cha upimaji wa ardhi tutakuweka kwenye kikosi cha wapimaji. La sivyo, mama, hatuna pa kukuweka." Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali. Akaona maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. Akapanga chumba karibu na chuo, akajiandikisha. Somo la kwanza la wapimaji lilikuwa hilo la trigonometria, na aliyelishindwa hakuendelea na mengine.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Mhadhiri, mwanamke mwembamba, mdogo kwake kwa umri, aliyesema haraka kama mtu anayewahi basi, alichora pembetatu ubaoni na kutaja pande zake: ule mrefu ulioinama, ule wa mkabala na ule wa jirani. Sini ya pembe ni upande wa mkabala ukigawanywa kwa ule mrefu. Katika mchoro ule upande wa mkabala ulisimama wima kama mlingoti, naye mama akajitilia kichwani kwamba mkabala ni ule uliosimama. Hesabu za siku hiyo alizipata zote.

Wiki ya pili mhadhiri aliihamisha pembe akaiweka kwenye kona ya juu ya mchoro, na majibu ya mama yakaanza kwenda mrama.

"Kuna swali?" mhadhiri aliuliza.

Mkono wa mama uliinuka hadi usawa wa sikio. Akaona vichwa viwili vikigeuka. Mtu mzima na mvi zake aulize lililofundishwa juzi? Mkono ukaishia kurekebisha kitambaa cha kichwa, utadhani ndicho kilichouinua.

Tangu hapo alizidi kuzama. Wenzake walikula kwa makundi kwenye mgahawa wa chuo. Yeye alikula nyuma ya maktaba, kwenye ngazi, akitazama ukuta. Jumapili binti yake alipopiga simu na kuuliza masomo, alijikaza kisabuni. "Vizuri tu, mwanangu. Na huko?" "Huku pia vizuri, mama." Simu ikikatika, chumba kilikuwa kimya hata akasikia bomba la jirani likidondosha maji.

Jaribio la katikati ya muhula lilimpa alama kumi na tisa kwa mia. Aliikunja karatasi kabla wino mwekundu haujaonwa na mtu. Wiki nzima alilala akiwa na neno moja tu kifuani: nirudi. Lakini arudi wapi? Kazini hapakuwa na kiti, na nyumbani hapakuwa na mtu.

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda darasani kwa nia ya kuaga kimoyomoyo. Mhadhiri alipouliza, "Kuna swali?" mama alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Mwalimu, mimi sijui upande wa mkabala ni upi."

Kuna aliyeguna. Nyuma kicheko kiliponyoka. Mhadhiri alishusha miwani.

"Mama, hilo tulilimaliza wiki ya kwanza."

"Ndiyo. Na ndipo nilipopotelea."

Uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko. Mhadhiri alimtazama kidogo, kisha akasogeza meza, akachuchumaa na kuchora kwa chaki pembetatu kubwa sakafuni.

"Njoo usimame kwenye kona hii. Pande ngapi zinagusa miguu yako?"

"Mbili."

"Na usioigusa?"

"Ule pale, mbele yangu."

"Huo ndio wa mkabala. Unakukabili. Haya, hamia kona ile."

Alihama. Akatazama mbele, na upande aliokuwa ameukanyaga sasa hivi ukawa ndio unaomkabili.

"Kumbe unahama!"

"Unahama, mama. Inategemea umesimama wapi."

Darasa liliangua kicheko, naye akajikuta anacheka nao.

Baada ya kipindi, kijana mmoja mrefu waliyemwita Ngongoti alikuja akakaa kwenye kile kiti cha jirani, magoti yakigonga meza.

"Mama, mimi nilipata ishirini na mbili," alinong'ona. "Tulidhani wewe unajua kila kitu, ndiyo maana huongei na watu. Tulikuogopa."

Walianza kusoma pamoja, yeye, Ngongoti na msichana mmoja mwenye kigugumizi. Haikuwa lelemama. Muda mwingi ulikwisha kupotea bure, na siku nyingine alirudi chumbani akiwa na upweke uleule, ila sasa alikuwa na mtu wa kumuuliza kesho. Mwisho wa muhula alipata hamsini na tatu. Ilitakiwa hamsini.

Jumapili hiyo alimpigia binti yake mwenyewe, akampasulia yote: ile kumi na tisa, kile chakula cha ngazini, zile "vizuri tu" zisizo na ukweli.



"Upo, mwanangu?"

"Nipo, mama. Mimi nimeachika. Huu mwezi wa nne. Ninalala kwa rafiki yangu, sebuleni. Nilikuona uko masomoni, nikasema nisikutie mzigo."

Mama alikaa kitandani polepole. Miezi minne walikuwa wakidanganyana kwa upendo, kila mmoja akililia ukuta wake.

"Funga mizigo yako," alisema. "Chumba ni kidogo, lakini tutabanana. Ungeniambia mapema, mwanangu. Nami ningekuambia mapema. Hakika mficha uchi hazai."