Pikapu Iliyoongezwa Nguvu kwa Siri

Ndugu zangu, nani kati yenu ana gari la dizeli? Inueni mikono. Msiogope, si mchango. Naona wanne, na yule mzee wa kule nyuma anayeinua nusu. Haya. Leo nina habari yenu, ila wanaotembea kwa miguu wasisinzie, maana itawafikia na wao.

Alikuwepo bwana mmoja wa huku huku milimani kwetu. Nimpe jina la Shemweta. Alikuwa na pikapu ya dizeli, anapakia kabichi na karoti, anashuka nazo hadi Mombo, kisha anapanda na saruji na mabati ya wenye maduka. Barabara yenyewe mnaijua: huku jabali, kule korongo, na kona ambazo ukimaliza moja nyingine inakungoja. Pikapu ilikuwa na miaka kumi na miwili na haikuwahi kumlaza njiani hata siku moja.

Shida ilikuwa moja tu. Alikuwa anapitwa. Kila akipanda mlima, jirani yake mwenye pikapu mpya anamkuta kwenye mwinuko, anampita, anampigia honi mara mbili. Ilikuwa honi ya salamu. Lakini Shemweta aliisikia kama kicheko. Alipomwambia mkewe kwamba anataka kuiongezea injini nguvu, mama akamjibu, "Baba Nietiwe, hilo gari ndilo linalotulisha. Usilichezee." Akanyamaza. Mnajua mwanamume anavyonyamaza akiwa ameshaamua?

Wiki mbili baadaye yuko Tanga kwa mtaalamu mmoja. Injini za dizeli za siku hizi zina kompyuta ndogo ndani yake. Hiyo ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaingie kwenye silinda, na turbo isukume hewa kiasi gani. Mtaalamu anachomeka waya wake chini ya usukani, anazisoma namba za kiwandani, anaziondoa, anaweka zake. Hafungui nati hata moja. Ukiondoka pale, hakuna mtu atakayejua kwa kutazama.

Shemweta akamuuliza, "Hakuna madhara?"

Yule mtaalamu, na hapa sikilizeni vizuri, hakumdanganya. Akasema, "Mzee, ukitumia akili, injini haina neno. Lakini klachi yako imechoka, ibadilishe. Radieta isafishe. Ukiwa na mzigo mlimani, usikanyage mpaka chini, maana joto litapanda. Na fundi wako mwambie nilichofanya, ajue anahudumia kitu gani."

"Nitamwambia," akasema Shemweta.

Hakumwambia. Angemwambiaje? Fundi wake, Mhina, alikuwa anazungumza na kila mtu, hata na mke wa Shemweta.

Siku ya kwanza kupanda mlima, nadhani Shemweta aliimba. Pikapu ilivuta kama inashuka. Alimkuta jirani yake kwenye mwinuko ule ule, akampita, akapiga honi si mara mbili, akapiga mpaka wanawake waliokuwa wanapalilia kando ya barabara wakainua vichwa. Radieta haikusafishwa. Klachi haikubadilishwa. Na mguu ulikuwa chini kabisa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Mtu huyu aliyekuwa na amani na gari la polepole alikosa amani na gari lenye nguvu. Jioni mkewe akimuuliza, "Leo umewahi kurudi?" yeye anawaza: nani amemwambia? Jirani akimsalimia na kusema, "Siku hizi unakimbia, baba," anawaza: huyu anapeleleza. Alianza kuegesha pikapu mdomo ukiwa ukutani ili mtu asifungue boneti kirahisi. Jamani, nani alitaka kufungua boneti yake? Hakuna! Lakini mwenye siri anaona kila jicho linamtazama yeye.

Mwezi wa pili, moshi mweusi ukaanza kutoka kwenye eksozi. Akaipeleka kwa Mhina. Mhina akazunguka gari, akasikiliza mngurumo, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Bosi, hii injini imeguswa?"

"Imeguswa na nani? Wewe ndiye fundi wangu."

"Nauliza tu. Inavuta tofauti."

"Safisha nozeli, nina mzigo."

Akasafisha nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Mwezi wa tatu klachi ikaanza kuteleza na sindano ya joto ikawa inapanda kila akifika katikati ya mlima. Mhina akauliza tena. Shemweta akakataa tena, na njiani akirudi akajiambia: huyu Mhina ana jambo. Kwa nini anarudia swali moja? Lazima jirani yangu amemtuma. Siku ile ile akamkuta mkewe anaongea kwenye simu na akasikia jina la Mhina. Mama alikuwa anaagiza fundi amtengenezee mashine ya kusaga. Bwana hakusikia mashine. Alisikia jina, na hilo likamtosha.

Sasa injini inaumwa, na yeye hawezi kusema inaumwa nini, kwa sababu akisema atakuwa amejitaja. Atafanyaje? Atafanya tunachofanya wote. Atamtafuta mwingine.

Alikuwa anajaza mafuta kwenye sheli moja ya Mombo, na aliyekuwa anamjazia ni mama mmoja mjane, Mama Nakijwa. Miaka tisa amesimama pale na sare yake, jua na mvua, akiwasomesha watoto wake. Siku ya gulio, watu wamejaa, magari yamepanga foleni, Shemweta akashuka kwenye pikapu akiwa na chupa ya dizeli mkononi.

"Mama Nakijwa, haya mafuta mnachanganya na nini?"

"Hatuchanganyi, kaka. Yanapimwa kila gari la mafuta likishusha."

"Mbona gari langu linatoa moshi tangu uanze kunijazia wewe? Nilikuona Jumanne unaingia stoo na dumu. Lilikuwa la nini?"

"La maji. Nilikuwa naosha sakafu."

"Maji!" Akawageukia watu wa foleni. "Mmesikia? Anasema maji! Gari langu linakufa kwa mafuta ya taa, na yeye anasema maji!"

Foleni ikaanza kunung'unika. Mmoja akakumbuka kwamba hata la kwake lilizimika wiki iliyopita. Mwingine akakumbuka kwamba watoto wa yule mama wana viatu vipya. Mnaona jinsi inavyokwenda? Hakuna aliyeona kitu, lakini kila mtu amekumbuka kitu. Magari matatu yakaondoka bila kujaza. Na mwenye sheli alipoona magari yanaondoka hakupima mafuta, hakuuliza habari ya dumu. Alimwambia yule mama avue sare.

Shemweta alipanda mlima akiwa mwepesi moyoni, akamwachia Mhina ile chupa ya dizeli iwe ushahidi. Akajaza kwenye sheli nyingine. Moshi ukaendelea. Akasema, ni ule uchafu wa zamani, bado unatoka.

Siku tisa baadaye, akiwa na mifuko ya saruji nyuma na mguu chini, injini ikapiga kishindo kimoja. Moshi mweupe ukajaa barabara, mafuta ya injini yakamwagika kwenye lami. Aliyesimama kumsaidia kutia mawe chini ya matairi ili pikapu isirudi korongoni alikuwa yule jirani yake wa honi mbili. Yeye ndiye aliyemvuta kwa kamba mpaka gereji.

Mhina akaifungua injini mbele yake. Akatoa pistoni ya tatu, akaiweka juu ya gunia. Ilikuwa imetoboka katikati, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Shemweta akawahi kusema, "Umeona mafuta ya taa yalivyofanya!"

Mhina akatikisa kichwa. "Bosi, dizeli uliyokuwa umeijaza kwa yule mama uliniletea chupa yake mwenyewe. Nimeipima. Ni safi. Hili tundu ni la joto. Hii injini imelishwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Nakuuliza kwa mara ya tatu. Imeguswa?"

Shemweta akaketi juu ya tairi. Akasema, "Imeguswa."

"Mbona hukuniambia? Ningekusindikiza Tanga, yule mtu angepunguza zile namba, tungeweka klachi mpya, tukamaliza kwa siku moja."

"Nilidhani unanichunguza."

"Nilikuwa nachunguza ndiyo," akasema Mhina. "Nachunguza ugonjwa. Nifanyeje kazi bila kuchunguza?"

Shemweta akaenda nyumbani, akamweleza mkewe. Mama alilia, kisha akamuuliza swali moja: "Na yule mama wa sheli?"

Kesho yake Shemweta akashuka hadi Mombo, akauliza nyumba, akamkuta Mama Nakijwa anaanika nguo za watu, maana kazi aliyoipata ni kufua. Akapiga magoti uani. Akasema, "Mama, nilikusingizia. Mafuta yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyeiharibu injini yangu na nilijua. Nisamehe."

Hapa, ndugu zangu, wengi wetu tungependa hadithi iishe. Mama amwinue, walie, wanywe chai. Lakini yule mama alibana nguo ya mwisho kwenye kamba, akamgeukia.

"Uliponisingizia, ulinisingizia wapi?"

"Sheli."

"Kulikuwa na watu?"

"Walikuwepo."

"Siku gani?"

"Siku ya gulio."

"Basi umenikosea sheli, siku ya gulio, mbele za watu, halafu unakuja kuniomba msamaha uani kwangu, tuko wawili na hizi nguo. Kaka yangu, mimi nimekusamehe tangu juzi, nilikuwa nimechoka kukuchukia. Lakini watoto wangu wanapita pale kwenda shule. Nenda ukaseme pale."

Alienda. Siku ya gulio, kwa miguu, maana gari lilikuwa vipande vipande. Akasimama kati ya pampu mbili, akasema kwa sauti ile ile aliyopigia kelele mwanzo. Wengine walicheka. Wengine waliona haya, wale waliokuwa wamekumbuka mambo ambayo hawakuyaona. Mwenye sheli alisema pole, lakini ameshaajiri mtu mwingine. Nisiwadanganye. Jina la yule mama lilirudi. Kazi yake haikurudi.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sikusimama hapa kuwaambia kuongeza nguvu ya injini ni dhambi. Wenye magari, fanyeni, ila sikilizeni mafundi. Ninachouliza ni hiki: kwa nini sisi tuna shuku nyingi hivi? Kwa nini kanisa dogo kama hili lina watu ambao hawapeani mkono? Tunadhani tunawashuku wengine kwa sababu tunayajua mabaya yao. Hapana. Mara nyingi tunajua baya letu, na tunaogopa kwamba nao wanalijua. Mtu aliyejificha huona kila anayepita amekuja kumtafuta. Na Mungu anapotuuliza, sisi husikia askari anagonga, kumbe ni tabibu.

Tena sisi ni hodari wa kutubu uani. Tunamsema mtu mbele ya kwaya nzima, tunamwomba msamaha kwa ujumbe wa simu.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo na kuomba. Lakini siwezi, kwa hiyo mnivumilie dakika moja.

Mwalimu Singano wa kwaya, usimame tafadhali. Hapana, hujafanya kosa, simama tu. Ndugu zangu, mwezi wa tatu mkuu wa jimbo aliniita, akaniambia amepata habari kwamba mchungaji wenu hajiandai, anahubiri maneno ya zamani. Nilirudi nikiwa na hakika ni mwalimu Singano aliyepeleka. Sikumuuliza. Nilimwambia mhasibu, nikawaambia wazee wawili, na ndiyo maana kwaya yake haikupelekwa kwenye tamasha. Mlidhani ni nauli. Haikuwa nauli.

Mwalimu, sijui nani alipeleka maneno yale, na sitaki kujua. Najua kwamba yalikuwa ya kweli. Tangu mke wangu augue nimekuwa nikisimama hapa na karatasi za miaka sita iliyopita, nimebadilisha tarehe tu. Niliona aibu kuwaambia, nikakutafuta wewe.

Nilikukosea mbele ya wazee, na wazee wako hapa. Ninashuka sasa. Kwaya msiimbe kwanza.