Waliogombea Kosa la Chemchemi

Hapo zamani, nyie mlionizunguka, huko milima ya Upare aliishi mjane aitwaye Nakiete. Chini ya shamba lake la mteremko palikuwa na chemchemi. Maji yake ndiyo aliyokunywa tangu alipoolewa.

Alikuwa na watoto watatu, na wote walimpenda.

Mbonea, wa kwanza, alimwona mama anatetemeka kwa baridi. Akakata miti ya mteremko, akamjazia kuni jikoni. Mvua zikanyesha, zikaukokota udongo mweusi wa juu.

Nakijwa, wa pili, alimwona mama ameishiwa chakula. Akalima mteremko kila msimu, akachoma mabua ili awahi kupanda. Mama akashiba, ila udongo uliosalia ukakosa mboji, ukawa kama changarawe.

Senkondo, kitinda mimba, alimwona ng'ombe wa mama anadhoofika kwa kupe. Akamwogesha dawa, na masalio akayamwaga upande wa juu wa shamba, palepale alipomwaga marehemu baba yao miaka yote bila mtu kudhurika.

Masika hayo mama akaugua. Alitapika hadi wakamlilia. Akapona, lakini mikono haikutulia tena. Akiinua maji, yote yanammwagikia kifuani.

Bwana shamba akaja, akachimba, akasema, "Udongo wa zamani uliishika dawa isishuke chemchemini. Huu hauna nguvu hiyo. Hata ile aliyomwaga mzee, iliyokuwa imeshikwa humu, sasa imeachiliwa."

Mama akawaita wanawe.

"Sitaki kesi na nyie. Ila aliyeiharibu chemchemi yangu atahamia hapa, anichotee maji ng'ambo ya bonde, aninyweshe kwa mkono wake mpaka nife."

"Ni mimi, mama," Senkondo akawahi. "Sumu niliimwaga mimi."

"Baba naye alimwaga, tukanywa salama," akasema Nakijwa. "Mimi ndiye niliyeuchosha udongo ukashindwa kuishika. Nitakunywesha mimi."

Mbonea akapiga magoti. "Nakijwa, wewe ulikuta mabaki tu. Udongo wenyewe ulikwenda na maji siku nilipokata miti. Mama, niache mimi nikae nawe."

Mama akacheka, machozi yanamtiririka, na hakuweza kuyafuta. Wote watatu wakanyoosha mikono kumfuta.

Akasema, "Wanangu, watu hulikimbia kosa. Nyie mnalinyang'anyana!"

Basi semeni nyie: kati ya hao watatu, nani alistahili kumnywesha mama?